KUGEUZA KITABU CHA ELEKTRONIKI KISOMEKE KATIKA CHOMBO CHAKO

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, kama yalivyosomwa na mwalimu

Tafadhali wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo kuna majina machache mageni ya kuandika. Kila nikitaja jina gumu nitakwenda polepole.

Somo la leo ni habari za vitabu vya elektroniki. Wengi wenu mmekwisha kuviona. Mtu ana chombo chembamba, kioo chake cheupe kama karatasi, na ndani yake mna vitabu mia au hata elfu. Lakini mara nyingi hutokea hivi. Mtu ameletewa chombo hicho na mtoto wake afanyaye kazi mjini. Jirani akampa kitabu ndani ya kompyuta. Akakinakili kitabu kile, akakitia katika chombo, na chombo kikakataa kukifungua. Au kimekifungua, lakini herufi ni ndogo kama sisimizi. Mtu huyo husema, "Chombo hiki kibovu." Basi mara nyingi chombo si kibovu, na kitabu si kibovu. Kisa chake ni kwamba viwili hivyo havisikilizani lugha. Leo tutajifunza jinsi ya kuvipatanisha.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Hiki si simu wala si kompyuta. Ni chombo cha kusomea tu. Kioo cha simu hutoa mwanga kama taa, na kwa hiyo ukisoma juani huoni vizuri. Kioo cha chombo hiki ni cha namna nyingine. Ndani yake vimepangwa vidonge vidogo mno, upana wa kila kimoja karibu sawa na unene wa unywele. Katika kila kidonge mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zinazoelea katika umajimaji. Chembe nyeupe zina umeme wa namna moja, na nyeusi zina umeme wa namna iliyo kinyume. Umeme ukipita nyuma ya kioo huzivuta chembe za rangi moja juu na kuzisukuma za pili chini. Mahali chembe nyeusi zilipopanda juu, jicho lako linaona wino. Zikisha kutulia, zinakaa hapo hapo bila kula umeme tena. Chombo hutumia umeme hasa wakati wa kufunua ukurasa, na ndiyo sababu betri yake hudumu majuma, si saa. Tena kioo hicho husomeka juani kama gazeti. Kwa mtu akaaye mahali ambapo umeme ni wa kwenda kuchajia dukani kwa senti zake, jambo hili si dogo.

Kampuni iliyotengeneza wino huo inaitwa E Ink, ilianzishwa Marekani mwaka wa 1997. Sony waliuza chombo cha namna hii huko Japani mwaka wa 2004. Kisha tarehe 19 Novemba, 2007, Amazon wakatoa chombo chao kiitwacho Kindle, bei yake dola 399. Kobo, wa mji wa Toronto huko Kanada, wakafuata mwaka wa 2010. Mwaka huo huo shirika la Worldreader lilianza kupeleka vyombo vya Kindle kwa watoto wa shule huko Ghana, na baadaye Kilgoris huku kwetu Kenya, kabla ya kuelekea zaidi kwenye simu. Leo nitataja Kindle na Kobo tu, maana hivyo ndivyo mtakavyokutana navyo zaidi.

Sasa tuje kwenye kitabu. Kitabu cha elektroniki ni faili, yaani maandishi yaliyohifadhiwa katika kompyuta kwa jina moja. Mwisho wa jina la faili kuna nukta na herufi chache. Herufi hizo hutuambia muundo wake. Kwa mfano: hadithi.pdf, au hadithi.epub. Hadithi ni ile ile, lakini muundo si mmoja.

Fikirini fundi cherehani. Mtu anaweza kukuletea shati lililokwisha kushonwa. Likikuenea, vema. Lisipokuenea, huna la kufanya ila kulivaa hivyo hivyo au kulifumua. Mtu mwingine anaweza kukuletea kitambaa. Hicho fundi atakukatia kwa kipimo cha mwili wako, uwe mnene au mwembamba. PDF ni shati lililoshonwa. EPUB ni kitambaa, na chombo chako ndicho fundi.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993. Kusudi lake lilikuwa jema: ukurasa uonekane vile vile katika kila kompyuta na utoke vile vile katika kila mashine ya kuchapa. Barua ya serikali, fomu, ramani, yote hayo yanafaa kuwa PDF. Lakini ukurasa wa karatasi ya kawaida ya ofisi una upana wa sentimita 21. Kioo cha chombo kidogo cha inchi 6, zikipimwa pembe kwa pembe, kina upana wa sentimita 9 tu. Ukurasa wa sentimita 21 ukibanwa uingie katika 9, herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa pointi 12 inabaki na pointi 5 hivi. Hizo ni herufi za maandishi yale ya chini kabisa ya mkataba, ambayo mtu hatakiwi kuyasoma. Ukikigeuza chombo ulalo, upana unakuwa kama sentimita 12, na herufi zinafika karibu pointi 7. Afadhali kidogo.

EPUB ni jambo jingine. Muundo huu ulikubaliwa mwaka wa 2007 na chama cha wachapaji na watengenezaji wa programu, kilichojulikana kwa herufi IDPF. Tangu mwaka wa 2017 unasimamiwa na W3C, shirika lile lile linalosimamia kanuni za kurasa za intaneti. Hauna mwenyewe mmoja, na kila kampuni inaweza kuutumia. Ndani ya EPUB hakuna kurasa. Kuna maandishi, na alama zinazosema: hiki ni kichwa cha sura, hii ni aya, hii ni picha. Chombo kikisoma alama hizo kinapanga maneno kwa kipimo cha kioo chake. Ukiongeza ukubwa wa herufi, maneno yanahamia mstari wa chini, na kitabu kinakuwa na kurasa nyingi zaidi. Hakuna kinachopotea.

Mwenye kompyuta anaweza kujionea mwenyewe. Nakili faili moja ya EPUB. Katika ile nakala, siyo ile ya asili, futa herufi "epub" mwishoni na uandike "zip". Ifungue. Utaona ni mfuko wenye vitu ndani yake: sura za kitabu kila moja katika faili yake, picha, na orodha inayosema sura ipi ianze na ipi ifuate. Nimeona watu wazima wakicheka kwa furaha walipofungua mfuko huo, kwa sababu jambo lililoonekana kama uchawi limegeuka kuwa kapu lenye vitu vya kuhesabika.

Muundo wa tatu ni wa Kindle. Kampuni ya Kifaransa iitwayo Mobipocket, iliyoanzishwa mwaka wa 2000, ilikuwa na muundo wake, MOBI. Amazon waliinunua kampuni hiyo mwaka wa 2005, na juu ya msingi huo wakajenga miundo yao wenyewe. Ulio wa manufaa kwetu unaitwa AZW3, ulioanza mwaka wa 2011. Andikeni: A, Z, W, kisha tarakimu 3.

Basi kanuni ya kushika ni hii. Mwenye Kobo atumie EPUB. Mwenye Kindle anayetia kitabu kwa waya atumie AZW3, kwa sababu Kindle haisomi EPUB iliyotiwa kwa waya. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Na sasa kugeuza. Iko programu ya kompyuta iitwayo calibre. Aliyeianzisha ni Kovid Goyal, mwaka wa 2006, kwa sababu alikuwa na chombo cha Sony na programu iliyokuja nacho haikufanya kazi katika kompyuta yake ya Linux. Kwanza iliitwa libprs500, jina ambalo hata yeye nadhani hakulipenda, na mwaka wa 2008 ikaitwa calibre. Hutolewa bure, na hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Hupatikana katika intaneti kwa anwani calibre-ebook.com. Ipakue hapo, usiipakue kwingine. Wako watu wanaoweka programu za jina hilo zikiwa na madudu ndani yake.

Jinsi inavyogeuza vitabu inapendeza kuijua. Chukua Mhaya na Mmasai waliokutana mnadani. Hakuna haja ya kumtafuta mtu ajuaye Kihaya na Kimasai pamoja. Wote wawili wanasema Kiswahili, biashara inakwenda. Kama lugha ni 10, na kila moja ingetaka mkalimani wa kila nyingine, tungehitaji njia 90 za kutafsiri. Wakiwa na lugha moja ya katikati, njia 20 zinatosha: 10 za kuingia na 10 za kutoka. Calibre hufanya hivyo hivyo. Kila kitabu kinachoingia, kiwe cha muundo gani, hugeuzwa kwanza kuwa HTML, ambayo ndiyo lugha ya kurasa za intaneti. Kisha programu inarekebisha yanayohitaji kurekebishwa. Kisha inakitoa katika muundo ulioutaka.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Fungua calibre. Bonyeza kitufe cha Add books, uchague faili ya kitabu chako. Jina la kitabu litaonekana katika orodha. Lichague, kisha bonyeza Convert books. Litafunguka dirisha. Katika pembe ya juu, mkono wa kulia, pameandikwa Output format. Hapo chagua EPUB kama una Kobo, au AZW3 kama una Kindle. Kabla ya kubonyeza OK, soma jina la kitabu na la mwandishi, uyasahihishe. Watu huona uvivu hapa, na baadaye wana vitabu 30 ndani ya chombo vyote vikiitwa "Unknown". Ukibonyeza OK programu inafanya kazi, na kwa kitabu cha hadithi haichukui muda mrefu. Halafu unganisha chombo kwa waya, subiri calibre ikitambue, na ubonyeze Send to device. Hakikisha kwamba waya ni wa kupitisha habari. Ziko nyaya zinazochaji tu, na hizo zimewasumbua watu wengi bure.

Msiogope kujaribu. Faili ya asili haifutwi. Calibre hubaki nayo, ikaweka ile mpya kando yake. Ukiharibu, futa ile mpya uanze tena.

Hayo ni mepesi kama kitabu ni EPUB au kimeandikwa vizuri katika Word. Ugumu uko katika PDF. Leo nimemwalika hapa mwanafunzi mmoja wa darasa la watu wazima, mzee wetu, ambaye amejaribu mwenyewe kwa msaada wa mjukuu wake. Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu.

MWALIMU: Tueleze, Mzee wangu, ulitaka kusoma nini?

MZEE: Nilitaka kusoma kitabu cha kilimo cha mihogo. Niligawiwa na bwana shamba, kimo ndani ya kompyuta. Mwalimu, macho yangu hayaoni tena herufi za kitabu. Hunisomea mjukuu wangu. Lakini Januari anakwenda shule ya bweni. Nikasema, basi nisijifunze kusoma uzeeni halafu niwe wa kusomewa tena.

MWALIMU: Ni kweli. Mkakigeuza?

MZEE: Tukakigeuza, na herufi zikawa kubwa. Lakini maneno yamekatikakatika. Mstari unaanza, unafika katikati, unaishia hapo. Unaofuata una maneno mawili tu. Tena mahali pengine nasoma, "Panda vipande vya shina vyenye," halafu "Kilimo cha Mihogo 47," halafu "macho matano." Nikajiuliza, mihogo 47 ya nini?

MWALIMU: Wasikilizaji, hapo Mzee amegusa penyewe. PDF haijui aya ni nini. Ndani yake mmeandikwa maagizo tu: weka herufi M hapa, umbali huu kutoka kushoto, umbali huu kutoka chini. Calibre ikifumua shati hilo inaona mistari, na inapaswa kukisia: je, mstari huu umekwisha kwa sababu aya imekwisha, au kwa sababu karatasi imekwisha? Inatumia kipimo. Mstari ulio mrefu huunganishwa na wa chini yake. Ulio mfupi huhesabiwa kuwa mwisho wa aya. Katika lile dirisha la kugeuza, upande wa kushoto, kuna mahali pameandikwa PDF Input. Humo mna kipimo cha kuunganisha mistari, nacho ni namba kati ya 0 na 1. Kama mistari yako bado imekatika, punguza namba hiyo kidogo, kisha geuza tena. Kama aya zimeshikamana zisipotakiwa, iongeze.

MZEE: Na kama kitabu ni cha mashairi?

MWALIMU: Hapo lazima utazame kwa makini, Mzee. Kipimo hicho hakijui shairi. Mistari ya utenzi ni mifupi, karibu yote ina urefu mmoja, na programu inaweza kuiunganisha ubeti mzima ukawa kama habari ya gazeti. Kwa mashairi mimi huipandisha namba iwe karibu na 1, au naacha PDF ilivyo, nakigeuza chombo ulalo. Tenzi ina mistari mifupi, hivyo hata ikikuzwa inaenea katika kioo.

MZEE: Na ile mihogo 47?

MWALIMU: Hayo ni maandishi ya ukingo wa ukurasa. Katika kitabu cha karatasi, juu ya kila ukurasa huchapwa jina la kitabu na namba. Jicho lako linayaruka. Lakini kurasa zikiisha kufumuliwa, maandishi hayo yanaangukia katikati ya sentensi. Katika dirisha la kugeuza kuna mahali pa Search & replace, yaani tafuta na ubadilishe. Mwambie mjukuu aandike: Kilimo cha Mihogo, aache nafasi, kisha aandike mkwaju wa kurudi nyuma, herufi d ndogo, na alama ya kujumlisha, hivi: \d+. Alama hizo humaanisha "tarakimu zozote, moja au zaidi." Mahali pa kuandika badala yake apaache patupu. Programu itafuta 47, na 48, na zote. Pembeni kuna kidude cha kufungua dirisha la kujaribia, aone kwanza kama maneno yanayotakiwa ndiyo yanayoshikwa.

MZEE: Ninacho cha pili, Mwalimu. Kitabu cha zamani cha hadithi. Hicho hakikugeuka hata kidogo. Zilitoka kurasa kama picha.

MWALIMU: Kwa sababu ni picha kweli. Mtu alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akaziweka picha hizo ndani ya PDF. Wewe unaona maneno, lakini kompyuta inaona madoa meusi. Njia ya kujua ni rahisi: jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likichagulika peke yake, ni maandishi. Ukichagua ukachukua ukurasa mzima au usipate kitu, ni picha. Calibre peke yake haisomi picha. Inatakiwa kwanza programu ya kutambua herufi. Mojawapo ni Tesseract. Ilianza katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikatolewa bure kwa watu wote mwaka wa 2005. Kiswahili kimo katika lugha inazofundishwa, na hilo ni jambo la kufurahia. Lakini ikisha kufanya kazi, lazima mtu asahihishe. Herufi r na n zikikaribiana hufanana na m, na "mama" anaweza kutoka "rnama". Herufi l hugeuka tarakimu 1. Kitabu cha kurasa 200 ni kazi ya siku nyingi.

MZEE: Siku hizo sina.

MWALIMU: Basi iko programu nyingine, k2pdfopt, nayo ni ya bure. Hii haijaribu kusoma. Inaukata ukurasa wa picha kipande kwa kipande, neno kwa neno, na kuvipanga upya vipande hivyo katika ukurasa mdogo, vikiwa vikubwa. Kitabu kinabaki picha, lakini kinasomeka. Kwa macho yako, Mzee, na kwa muda uliobaki kabla ya Januari, mimi ningeanza na hiyo. Kazi ya kusahihisha herufi waachieni vijana wa darasa wakati wa likizo.

Tumshukuru Mzee, nasi tuendelee.

Liko jambo moja linalowapata hasa wasomaji wa Kiswahili. Lugha yetu huandikwa kwa herufi za kawaida, haina vidoto wala mikwaju juu ya herufi, na kwa hiyo kompyuta haitutesi sana. Isipokuwa ritifaa. Maneno ng'ombe, ng'ambo na kung'oa yana alama hiyo, na bila hiyo neno si lile. Mwandishi akitumia ritifaa iliyopinda, nayo faili ikasomwa kwa kanuni isiyo yake, ng'ombe anatoka hivi: ng’ombe. Mkiona vile vidudu vitatu, fahamuni kwamba kitabu hakikuharibika. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa namba tatu katika kanuni iitwayo UTF-8, na kanuni ya zamani ya Windows inazisoma namba hizo kuwa herufi tatu mbali mbali. Rudi kwenye dirisha la kugeuza, ingia Look & feel, tafuta mahali pa Input character encoding, andika utf-8, ugeuze upya kutoka faili ya asili. Ng'ombe atarudi zizini.

Wako watakaouliza: "Je, asiye na kompyuta afanyeje?" Mwenye Kindle ana njia. Amazon wana huduma iitwayo Send to Kindle, na tangu mwaka wa 2022 inapokea EPUB. Kila Kindle iliyoandikishwa ina anwani yake ya barua pepe. Unaituma faili kwa anwani hiyo kutoka simu yako, Amazon wanaigeuza wao, na kitabu kinashuka katika chombo kikipata intaneti. Kwa barua pepe faili isizidi megabaiti 50. Kwa ukurasa wao wa intaneti isizidi 200. Lakini kwanza lazima anwani yako ya barua pepe iandikwe katika orodha ya wanaoruhusiwa kutuma, la sivyo barua hairuhusiwi kuingia. MOBI za zamani hawazipokei tena. Njia hii ni nyepesi, ila mjue kwamba kitabu chenu kinapita katika kompyuta za kampuni. Hati ya shamba au cheti cha hospitali mimi nisingekipitisha huko.

Sasa kufuli. Vitabu vingi vinavyouzwa na makampuni makubwa vina kufuli ndani yake, ili kisomwe na chombo cha mnunuzi tu. Calibre haigeuzi kitabu chenye kufuli. Itakuambia wazi kwamba kimefungwa. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1998 inakataza kuvunja kufuli hizo, na nchi nyingine nyingi zina sheria za namna hiyo. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, uliza: kitabu hiki kina kufuli? Nitakisoma katika chombo gani? Mwezi wa Julai, 2009, watu wa Marekani walioinunua riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 waliamka wakakuta imetoweka katika Kindle zao. Aliyeiuza hakuwa na haki ya kuiuza, na Amazon waliifuta kutoka mbali, wakawarudishia watu fedha zao. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Fedha zilirudi, lakini kijana mmoja wa shule alipoteza pia maelezo aliyokuwa ameyaandika pembeni mwa kitabu kwa ajili ya masomo yake, akaenda mahakamani. Kitabu cha karatasi kikiisha kuingia kabatini mwako, muuza duka hawezi kuja usiku kukichukua.

Vitabu visivyo na kufuli vipo. Project Gutenberg, kazi iliyoanzishwa na Michael Hart huko Marekani tarehe 4 Julai, 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, vingi kwa Kiingereza, na vinapatikana kwa EPUB. Kwa Kiswahili kuna African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliofunguliwa mwaka wa 2014, wenye hadithi fupi zilizotolewa kwa ruhusa ya kunakili na kugawa. Ziliandikwa kwa watoto wanaoanza kusoma. Mtu mzima asione haya. Picha ni nzuri, na sentensi ni fupi.

Na pale penye hiari, ombeni EPUB. Bwana shamba, mwalimu, ofisi ya afya, wengi wao huandika kitabu kwanza katika Word, ndipo wakakifanya PDF ili wakigawe. Ile faili ya kwanza bado wanayo. Mkiwaomba hiyo, calibre itaigeuza bila kufumua shati lolote, na taabu yote ya mihogo 47 haitakuwapo.

Sasa, mwalimu wa darasa, zima redio somo likiisha, uchukue kitabu kimoja kifupi ambacho darasa linakitaka kweli. Jaribuni kwanza kuchagua neno kwa kipanya, mjue kama ni maandishi au ni picha. Kisha kigeuzeni mara mbili: mara ya kwanza bila kubadili kitu, mara ya pili mkiwa mmebadili kipimo cha mistari. Viwekeni vyote viwili katika chombo, wanafunzi wawili wasome kwa sauti ukurasa ule ule, na wengine waandike kila mahali msomaji anapokwama. Orodha hiyo tuleteeni kwa barua, na juma lijalo tutaanza nayo.